Bunduki ya Nyati Aliyoinunua Kipkorir

Jumamosi moja siwezi kuisahau, mwanangu, kwa sababu sehemu yake kubwa niliipitisha chini ya michai, nimelala ubavu na mimba kubwa, mkono wa mama Mkisii umenifunika kichwa. Keti nikueleze. Chai iko kwenye chupa, jimiminie mwenyewe, maana mimi nikishaanza kusema huwa sinyanyuki.

Niliolewa Boito miaka ya tisini, katika boma la mzee arap Tonui, upande ule ambao majani chai yanaisha na msitu unaanza. Mume wangu, Kipkorir, alikuwa ametoka jeshini. Watu walimwita Afande, naye aliitika vizuri sana. Ila mimi mkewe nilijua, na sasa wewe pia ujue, kwamba huko jeshini Kipkorir alikuwa mpishi. Alifunzwa bunduki mwanzoni kama kila kuruti, kisha akapelekwa jikoni, na huko akakaa mpaka alipotoka. Aliweza kupika wali wa kambi nzima usishikane hata punje. Lakini ukimuuliza habari za jeshi, hakuanza na wali.

Basi palikuwa na nyati. Dume zee, limekosana na wenzake, lilitoka msituni alfajiri likala mahindi, likabomoa ua, na siku moja likamrusha ng'ombe wa jirani mpaka akavunjika mguu. Wachuma majani walianza kuogopa mistari ya mwisho karibu na msitu. Watu wa wanyamapori tuliwaita, lakini gari lao likifika, nyati alikuwa ameshaingia msituni kucheua. Kipkorir akasema yeye ndiye atakayemaliza maneno hayo.

Alitafuta kibali cha bunduki kwa miezi mingi. Aliulizwa maswali, akapigwa picha, akaambiwa arudi, akarudi. Mwishowe afisa mmoja alikuja nyumbani akaniuliza mimi kama mume wangu ana hasira. Nikamwambia, "Hasira hana. Ana haraka." Afisa akacheka, akaandika kwamba hana hasira. Hilo la haraka hakuliandika, na mimi hufikiri hapo ndipo serikali ilipokosea.

Bunduki yenyewe aliinunua kwa Mzungu mmoja mzee, aliyekuwa meneja wa shamba la chai na sasa anarudi kwao. Ilikuwa kuukuu, nzuri, mbao zake nyekundu kama chai ya rangi. Ilikula risasi moja tu. Ulishusha wenzo, tumbo likafunguka, ukatia hiyo moja, ukafunga. Ukikosa, unaanza upya huku nyati akikutazama. Na mtutu wake ulikuwa mpana, mwanangu! Kidole changu cha mwisho kiliingia kikazunguka humo ndani.

Yule mzee alimwambia Kipkorir mbele yangu, kwa Kiswahili chake cha shambani, "Hii nilitengenezewa mimi. Mimi mrefu. Wewe iko fupi. Peleka kwa fundi Nakuru kwanza. Usipige kabla fundi haijaona. Umesikia?"

"Ndiyo, bwana," Kipkorir akasema. Alisikia, nakubali. Masikio yake hayakuwa na shida.

Tulipofika nyumbani aliiweka begani, na kweli kitako kilikuwa kirefu, kidole hakikufika vizuri pa kufyatulia. Akaenda kuleta msumeno tuliokatia nguzo za ua.

"Hiyo si kazi ya fundi?" nikamuuliza.

"Fundi atafanya nini zaidi ya kukata?"

Akakata. Kikawa upande. Akakata tena kukinyoosha, kikawa upande mwingine. Akakata mara nyingine, kama mtu anayesawazisha mkate wa kambi, na alipomaliza, kitako kilikuwa kifupi hata kwangu. Ili kirudi kidogo, na ili bega lisiumie, akakipigilia kipande cha mpira. Ule mpira aliutoa wapi? Kwenye buti langu la kushoto. Wiki hiyo nilichuma majani mguu mmoja kwenye gambuti na mwingine kwenye kandambili, na karani pale kituo cha kununulia majani aliniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia nimepatwa na mume.

Baba mkwe, mzee arap Tonui, alipoona ule mpira aliubonyeza kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Kipkorir, usipige kitu hicho mpaka fundi akione." Kipkorir akaapa ataipeleka Nakuru Jumatatu. Akaifungia kwenye sanduku la bati, na mimi nikalala kwa amani.

Sasa hapa nisimame kidogo, maana usipolijua hili hutaelewa kilichotukimbiza. Miaka hiyo haikuwa mizuri. Sehemu nyingine, kule mipakani, watu walikuwa wamechomeana nyumba, Wakipsigis, yaani sisi, na Wakisii, watu waliokuwa wakiazimana majembe. Kwetu Boito hakuna nyumba iliyochomwa. Lakini habari zilifika, na habari zikifika watu hulala na nguo zao mwilini. Ng'ambo ya kijito chetu walikaa Wakisii waliokuja zamani kuchuma majani kwenye mashamba makubwa, kisha wakanunua vipande vyao. Mmoja alikuwa Mama Kemunto, mjane, mama mrefu wa maneno machache. Nilipokuja bibi harusi, ndiye aliyenionyesha kuchuma kwa mikono miwili bila kuumiza kiuno. Tangu habari zile zianze, tulikuwa tukisalimiana kwa mbali tu. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Kila mmoja alikuwa anangoja kuona.

Jumamosi hiyo Kipkorir alisema anaenda kuangalia ua. Mimi nikaenda kuchuma. Ng'ambo, Wasabato walikuwa wanaimba kwenye kanisa lao la mabati, sauti nzuri kabisa, na jua limetoka.

Ndipo dunia ikapasuka. Si mlio wa bunduki kama unaousikia kwenye redio, mwanangu. Ulikuwa kitu kizito, kilitoka machimbo ya mawe nyuma ya boma letu, kikagonga msitu, kikarudi, kikaenda tena. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Halafu mama mkwe akapiga ukemi, "Uuuwi! Damu! Uuuwi!"

Mimi sikuwaza bunduki ya sandukuni. Niliwaza kwamba siku tuliyokuwa tunaiogopa imefika. Nikatupa kikapu, nikapiga magoti, nikaingia kati ya mistari ya michai. Kila upande nilisikia matawi yakivunjika. Watu wetu walikuwa wanaingia kwa juu, na watu wengine, ambao sikuwaona, walikuwa wanaingia kwa chini kutoka kijitoni.

Nilitambaa mpaka nikaona kiatu cheusi kilichopakwa rangi vizuri. Nikafuata kiatu kwa macho, nikaona gauni jeupe, nikaona Mama Kemunto amelala kifudifudi, Biblia chini ya kidevu. Tukatazamana. Hakuna aliyesalimia.

"Watu wenu wanakuja?" akaninong'oneza.

"Watu wetu? Mimi nawakimbia wenu!"

"Wetu walikuwa kanisani. Sasa wamelala huku kwa majani."

"Na wetu wamelala kwa majani."

Tukasikiliza. Mstari wa nyuma mtu alipiga chafya, akaomba msamaha kwa Kikisii. Karibu yake mtu mwingine akamjibu pole kwa Kipsigis, kisha wote wawili wakagundua walichofanya, wakakaa kimya kabisa.

Mama Kemunto akaona nilivyojikunja kwa magoti, tumbo likinizuia kulala chini. Uso wake ukabadilika, ukawa wa ukali. "Usilalie tumbo! Unataka kumwumiza mtoto?" Akavua leso yake ya Sabato, akaitandika kwenye udongo, akanigeuza ubavu kama anavyogeuzwa mgonjwa, akanilaza. Kisha akaweka mkono wake juu ya kichwa changu na kuuacha hapo.

Na bado hakuwa na hakika, mwanangu. Hilo ndilo nataka ulisikie. Mpaka dakika ile alifikiri huenda ni ndugu zangu wanaokuja kumwua. Mimi nilikuwa nimewafikiria ndugu zake vivyo hivyo, na aibu ilinishika pale pale chini.

Tulikaa. Ndege wakaanza tena kulia. Wanaume wawili watatu wakaanza kuinua vichwa. Mlio wa pili ukaja, vichwa vyote vikarudi chini, na nyuma yake ikafuata sauti ya mbao kuvunjika na mabati kubomoka.

"Wamefika kwenu," akasema Mama Kemunto. "Wanabomoa nyumba."

Lakini juu ya kelele hiyo nilisikia sauti niliyoijua, imeziba kama ya mtu mwenye mafua makali. "Choo! Jamani, choo! Kuna mtu ndani?"

Nikainuka kwa viwiko. "Mama Kemunto," nikasema, "hatuvamiwi. Huyo ni mume wangu."

"Mume wako anapigana na nani?"

"Na choo."

Yaliyotokea machimboni Kipkorir amekuwa akiyasimulia tangu siku hiyo, na kila mwaka anazidi kuwa shujaa. Mimi nakupa kama alivyoyasema mara ya kwanza, kabla damu haijakauka. Alichomoa bunduki sandukuni, akaenda machimboni, akaweka mkebe wa mafuta chini ya ukuta wa mawe, akalenga, akafyatua. Kwa kuwa kitako kilikuwa kifupi, bunduki ilirudi na ngumi yake mwenyewe ikampiga puani. Akaanguka mtaroni. Mama mkwe, aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe hapo karibu, aliona damu akapiga ukemi. Risasi ilikuwa imegonga ukuta, juu sana ya mkebe. Mtu mwingine angekwenda nyumbani. Kipkorir alimtuliza mama yake, akaziba pua kwa majani chai, akatoa tupa mfukoni. Mdomoni mwa mtutu kuna kijino cha chuma cha kulengea. Yeye aliwaza kwamba risasi ikienda juu, kijino nacho kiko juu, basi kikipunguzwa risasi itashuka. Akakikata kwa tupa mpaka kikabaki kama punje ya mtama. Risasi ya pili ikaruka ukuta mzima wa machimbo, ikakata tawi nene la mkaratusi, na tawi likaangukia choo chetu.

Na ndani ya choo, mwanangu, alikuwamo mzee arap Tonui.

Tulifika wote pamoja, wa juu na wa chini, tumejaa udongo, Wasabato na nguo zao nyeupe zilizokuwa nyeupe. Hakuna aliyejipanga na wa kwao. Mabati yalikuwa yamelala upande, na mzee akatoka chini yake polepole, mzima, hana hata mkwaruzo, ameshika suruali kwa mkono mmoja na kofia kwa mkono wa pili. Hakuna aliyecheka. Wanaume wazima walikuwa wanauma midomo yao.

Mzee alifunga mkanda kwanza. Akavaa kofia. Kisha akamtazama mwanawe mwenye majani chai puani.

"Bunduki hii umenunua ya nini?"

"Ya nyati, baba."

"Nyati yuko wapi?"

"Msituni, baba."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Kipkorir akageuka kutazama mabati ya choo. Hapo watu walishindwa. Kicheko kilianzia kwa yule aliyepiga chafya, kikapita kwa kila mtu mpaka kwa mama mkwe, na wengine walicheka huku wanalia. Walikuwa na haki ya kulia. Sote tulikuwa tumetoka kuaga dunia.

Mama Kemunto peke yake hakucheka. Alingoja tunyamaze, akamwendea Kipkorir, akamtoa yale majani puani kama anavyotolewa mtoto kamasi.

"Afande," akasema, "nyati wako alimvunja mguu ng'ombe wangu mimi. Ungekuja kuniambia unanunua bunduki, ningekuombea ulenge vizuri. Ungesema leo nitapiga mlio mmoja, nisiogope, ningeendelea kuimba. Mimi nilipohamia hapa nilipiga hodi kwa kila boma. Kwa nini wewe, mwenyeji, ushindwe kupiga hodi kwangu?"

Kipkorir alisema samahani. Alisema polepole, bila sauti ya Afande, na nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi, ingawa sikumwambia mpaka buti jipya lilipofika.

Fundi wa Nakuru alicheka mpaka akakaa chini. Akaunga mbao kwenye kitako, akaweka kijino kipya kirefu kuliko cha kwanza, akamweleza Kipkorir kwamba kijino kikipanda risasi hushuka, na kikishuka risasi hupanda. Siku ya kuijaribu tena, Kipkorir alipita nyumba kwa nyumba pande zote mbili za kijito. Watu walikuja na viti. Alipopiga mkebe walishangilia, halafu wanaume wa pande zote mbili wakatujengea choo, na wali wa siku hiyo aliupika Kipkorir mwenyewe. Watu bado wanausifu. Nyati naye, tangu milio ile miwili, alihamia upande mwingine wa msitu, na hatukumwona tena.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kitu kikuukuu kilitengenezewa mwili wa mtu mwingine. Ukikinunua, usikimbilie msumeno. Kaa nacho, na muulize anayekijua, kwa sababu ulichokata hakirudi. Na ukiwa na kitu kinachoweza kuwatisha watu, hata kama nia yako ni safi kama maziwa, nenda uwaambie kabla hawajakisikia. Nia iko moyoni mwako, wao hawaioni. Wao wanasikia mlio tu. Usimwache jirani akukisie wewe, na wewe usimkisie yeye, maana unaweza kumkuta chini ya michai ametandika leso yake kwa ajili yako.

Mungu akulinde na haraka. Akupe mikono mitulivu, ng'ombe wenye maziwa, na watoto watakaokuambia ukweli. Na siku ukiogopa, akuweke karibu na mtu wa kukulaza ubavu. Nenda salama, mwanangu, ubarikiwe.