Kumi ya Liku, Ishirini ya Auckland

Manogi Tukala aliishi peke yake kijijini Liku, upande wa mashariki wa kisiwa cha Niue, katika nyumba ya marehemu mama yake, na chini ya meza ya kulia chakula aliweka mashine iliyopitisha maongezi ya kijiji kizima. Kusema kijiji kizima ni kuwapa watu heshima yao tu. Wana Liku walioko Liku ungeweza kuwapakia kwenye lori moja na bado ikabaki nafasi ya mbwa. Wengine wote wako Auckland, New Zealand. Wameacha nyumba zimefungwa madirisha, na ndugu waliobaki huwakatia majani uani, maana nyumba yenye magugu husemwa na kila anayepita.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja kule Alofi, mji mkuu wa kisiwa. Ujanani alisoma New Zealand, akafanya kazi hukohuko, kisha akarudi kumuuguza mama yake. Mama akafa, akazikwa mbele ya nyumba, na Manogi hakuondoka tena. Aliyemuuliza sababu alijibiwa kwamba talo zake, yale magimbi ya kisiwani, bado hazijakomaa. Talo hazipandwi zote siku moja, kwa hiyo jibu hilo halikuwahi kuchakaa.

Seva, ndiyo ile mashine ya chini ya meza, ilianza kwa ugomvi. Sisilia, mwenyekiti wa chama cha wana Liku wa Auckland, mama mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alichoka kusoma habari za misiba kwenye mitandao ya watu huku pembeni anauziwa viatu. "Maongezi yetu yakae kwetu," alisema, na watu wakakubali, kwa sababu Sisilia akisema ni rahisi kukubali. Manogi akachukua mashine iliyotupwa na ofisi, akaisafisha, akampa kila mtu jina linaloishia na jina la kijiji. Kuanzia hapo humo ndimo lilimopita kila jambo: nani amefariki, mtoto gani atafanyiwa sherehe ya kukatwa nywele mwezi ujao na ndugu wajiandae kuchanga, nani anakuja na ndege ya wiki hii, nguruwe wa nani wameingia kwa nani.

Sasa, simu ya mtu aliye Auckland haijui meza ya Manogi iko wapi. Ni lazima iulize. Mtandao una daftari lake kubwa la majina, mafundi huliita DNS, na humo Manogi aliandika rekodi mbili za huduma. Ya kwanza ilisema: anayetafuta maongezi ya Liku aende kwenye mashine iliyo Liku, aingilie mlango fulani; rekodi hiyo Manogi akaipa namba kumi. Ya pili ilimwelekeza kwenye mashine ya Auckland, sebuleni kwa Vilisoni, mtoto wa kaka yake Manogi. Hiyo akaipa ishirini. Namba hizo ni za zamu, na iliyo ndogo hutangulia. Simu hubisha hodi kwa kumi kwanza. Kwa ishirini huenda tu ikiwa kwa kumi hakuna anayeitika. Mashine ya Vilisoni ilikuwa na kazi ya kupokea nakala ya maongezi kila alfajiri, na baada ya hapo kukaa tu.

Sisilia aliziona namba hizo siku moja chamani, Vilisoni alipozionyesha ukutani. "Sisi ishirini, Liku kumi," akasema kwa kuridhika. "Ndivyo inavyotakiwa. Sisi ndio wengi." Manogi alikuwa akisikiliza kwa simu. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu ya mjini. Hamjambo nyie watu wa kumi? Na Manogi hujibu: Hatujambo, wakubwa zetu wa ishirini.

Hakuwasahihisha, na sababu ilikuwa moja. Jioni akirudi kutoka Alofi, akishainjika talo, alivuta kiti mezani akatazama majina yakiingia kwenye skrini. Saa zetu na za Auckland karibu zinalingana, ila wao wako siku moja mbele, kwa hiyo watu hutoka kazini wakati uleule, wao Jumanne na sisi Jumatatu. Hakuweza kusoma walichoandikiana, na hakutaka. Maneno yao yalipita yamefungwa. Alichoona ni jina tu. Huyu amefika nyumbani. Yule ameamka usingizini. Taa ndogo ya kijani karibu na goti lake ilipepesa kila mtu aliposema neno, na Manogi akala akiwa na watu. Upweke wake haukuwa wa kulia. Ulikuwa wa kupikia sufuria ndogo, na wa kuongea na mashine. "Umechelewa leo," alikuwa akiliambia jina la Sisilia likiingia.

Kisha kuti likaanguka kwenye nyaya za umeme, Liku ikakaa bila umeme mchana mzima, na siku hiyohiyo mzee Fuata, kaka yake Sisilia, akazidiwa hospitalini Auckland. Watoto wake wakaandika kwenye maongezi ya kijiji: njooni sasa hivi. Simu za vijana zilibisha kwa kumi, zikaona kimya, zikaenda kwa ishirini, zikaupata ujumbe. Simu za kizamani za wazee zilibaki mlangoni kwa Manogi zikibisha. Hakuna aliyepiga simu ya kawaida, kwa kuwa kila mmoja alidhani wote wameshasoma. Sisilia alipofika, kaka yake alikuwa ameshafunikwa shuka.

Baada ya mazishi walimpigia Manogi kutoka Auckland. Liku ilikuwa Ijumaa jioni.

"Shangazi, niko na mama Sisilia na wazee wengine," Vilisoni alisema. "Nimeweka sauti, wanakusikia wote."

"Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa," Sisilia alijibu. "Manogi, mdogo wangu, huyu kijana ametueleza jambo hapa, nikasema nikuulize mwenyewe. Ati ishirini ndiyo ya nyuma?"

Manogi aliitazama ile taa. "Ndiyo, dada. Ndogo ndiyo inayotangulia."

"Kwa hiyo miaka yote tunawacheka, kumbe mnaotucheka ni nyie."

Mzee mmoja alisikika nyuma akisema, "Hao watu wa kumi hao, si nilisema?" na wengine wakacheka. Sisilia hakucheka.

"Nyie nani, dada. Ni mimi peke yangu. Wenzangu huku hawajui hata kama kuna namba."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Niliona ni seva ya Liku, basi Liku itangulie."

"Liku ni nani, Manogi? Liku ni sisi tuliojaa hapa mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi. Huko umebaki wewe, na jirani yako Togia, na nguruwe."

"Nguruwe ni wa Togia. Mimi sina."

Safari hii walicheka wote, na Sisilia pia kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Manogi hakuwahi kuisikia kwake, "Nilikuwa jikoni. Simu inazunguka tu. Nikasema ah, mtandao. Nikachemsha chai. Nilikaa nikanywa chai, Manogi, kaka yangu anakata roho mtaa wa pili."

Manogi alitaka kulitaja lile kuti, akaona aibu kabla halijafika mdomoni. Kuti halikuandika kumi.

"Nitabadilisha kesho, dada," alisema.

Vilisoni alipiga tena baadaye, peke yake. "Shangazi, usiizime ya kwako. Itakuwa ishirini. Yangu ikianguka, watakuja kwako."

"Ya kwako itaangukaje?"

"Haianguki sana, kusema kweli. Lakini kila alfajiri nitakuletea nakala."

"Kiporo."

"Eh, kiporo, lakini utakipata." Kisha akaongeza, "Na kile chumba tulichokuwekea hapa bado kiko. Watoto wanakuuliza."

"Talo zangu bado, mwanangu."

"Shangazi, talo hizo tunalingana umri."

Jumamosi asubuhi alikaa mezani. Mwanzoni hakuandika alichoahidi. Aliandika kumi mbele ya zote mbili, kwa sababu rekodi hizi zina namba nyingine pia, ya uzito. Mashine mbili zikiwa na zamu moja, uzito ndio unaogawa watu. Angeweza kuipa Auckland uzito mkubwa na yeye akabaki na kidogo tu. Kungehitajika marekebisho kwenye mashine, lakini hilo alilimudu. Katika umati ule angepata wawili watatu kila jioni. Nani angelalamika? Alikitazama kile kidogo chake kwenye skrini kwa muda, na kusema kweli alikipenda. Lakini umeme ukikatika tena, hao wawili watatu ndio watakaobaki na simu inayozunguka, na mmoja wao atachemsha chai. Akafuta.

Togia alipita na panga begani, akienda kukata majani kwenye nyumba ya binamu zake, akasimama dirishani. "Dada Manogi, leo Jumamosi, mbona umevaa uso wa kanisani?"

"Nahamisha watu."

"Watu gani tena wa kuhamisha? Si walishakwisha." Akangoja acheke. Alipoona hacheki, akasema atamletea papai jioni, akaenda zake.

Akaandika. Auckland kumi. Liku ishirini. Akahifadhi.

Hakuna kilichotokea, na hilo alilijua. Daftari la majina halimfukuzi mtu. Simu hukumbuka njia ya zamani kwa muda, na aliyeshaingia hukaa mpaka mwenyewe akatike. Auckland ilikuwa Jumapili, watu wako kanisani, simu zimelala mifukoni. Majina yote yalikuwa bado pale. Manogi akajikuta anayahesabu kama mwalimu, akaacha.

Walipotoka kanisani ndipo lilipoanza. Mmoja aliwasha simu, nayo ikauliza njia upya, na jina lake likatoka kwenye skrini ya Liku. Wakafuata wa nyumba moja, baba na mama na wasichana wao, pengine ndani ya gari moja. Sisilia alitoka bila kishindo, katikati ya wengine. Manogi alidhani angeona uchungu zaidi kwa jina hilo, kumbe yalimuuma yale ya watu asiowajua vizuri, wajukuu waliozaliwa huko, ambao hawajawahi kukanyaga Liku na walikuwa wakipita mezani kwake kila siku bila kujua. Taa ya kijani ilipepesa, ikanyamaza, ikapepesa mara moja. Wa mwisho kabisa alikuwa bibi Halene, ambaye simu yake haizimwi kwa vile hajui inapozimiwa. Alibaki muda mrefu. Manogi akamwambia, "Kaa kidogo, bibi," na bibi akakaa kidogo, kisha naye akaenda.

Likabaki jina lake mwenyewe. Akacheka peke yake, kicheko kifupi. Angalau mwenye nyumba yupo. Akachukua kikapu na mti wake wa kuchimbia, akaondoka kwenda shamba la ndani, kule kwenye mawe ambako simu haishiki, kwa sababu kesho ni Jumapili yetu na talo ya Jumapili lazima ilale nyumbani.

Alichimba zaidi ya alichohitaji. Mtu mmoja hali talo zile, lakini mikono ilitaka kazi. Jua lilikuwa limelegea aliporudi, na alipofika barabara kuu simu ikalia kiunoni. Ilikuwa ni Sisilia. Ujumbe umefika mara moja, mdogo wangu. Bibi Halene naye amesoma papo hapo, tumeshangaa. Asante. Mungu akubariki. Manogi akaweka kikapu chini, akafuta udongo kwenye kidole, akajibu hapohapo barabarani: Nafurahi, dada. Jibu likaenda haraka kuliko lilivyowahi kwenda, na kwa hatua kadhaa alifurahi kweli.

Aliingia ndani, akamwaga talo sakafuni jikoni, akaenda mezani kuangalia, kwa mazoea tu. Skrini ilikuwa tupu. Alidhani mashine imezima, akaigusa, ilikuwa hai, ina joto lake. Taa yake imetulia. Akalitafuta jina lake juu, akalitafuta chini, kisha akasimama na simu mkononi na akaelewa. Kule shambani simu yake ilipoteza mtandao. Iliporudi barabarani iliuliza njia kama simu ya mtu yeyote, na daftari likaiambia alichokiandika yeye mwenyewe asubuhi. Ile nafurahi yake haikupita hapa. Ilienda sebuleni kwa Vilisoni kwanza.

Angeweza kuilazimisha simu ije mezani, ni jambo la kubonyeza mara mbili. Alikaa kwenye kiti chake, akaifikiria hiyo mara mbili, hakubonyeza. Wote wako Auckland, na Manogi naye yuko huko pamoja nao. Liku hakuna mtu.