Filamu ya Kisima Niliyoiponda Siku ya Posa

Sijawahi kupiga kelele kwenye filamu ya kutisha. Hata moja.

Nimeona vichwa vikikatwa. Nimeona maiti wakifufuka na nyumba zikitoa damu ukutani. Mimi nimekaa zangu, natafuna mbegu za alizeti kama naangalia utabiri wa hali ya hewa.

Siku niliyotaka kupiga kelele ilikuwa Jumapili, mchana kweupe, sebuleni kwa watu, nimevaa tai ya kuazima na soksi mpya.

Ngoja nikupe mkasa wenyewe. Kama mimi ni mjinga, utaniambia mwishoni.

Naitwa Cevdet. Nina miaka hamsini na moja, ni fundi wa makochi hapa Eskişehir, Uturuki. Shule niliacha darasa la tano. Mwalimu hakulia, na mimi sikulia. Mke wangu wa kwanza aliondoka akisema mdomo wangu hauna breki, na kwa kweli hakunionea.

Lakini mdomo huohuo ndio ulionipa jina mtaani.

Kwenye mgahawa wa chai wa Nurettin, kila Ijumaa tukitoka msikitini tunakaa kuambiana nani kaangalia nini wiki hiyo. Sisi ni watu wa filamu za kutisha na za mauaji. Za mapenzi tumewaachia wenye nafasi.

"Ile ya mwanasesere anayetembea umeionaje?" Nurettin aliniuliza Ijumaa moja, glasi ya chai mkononi. "Mimi nimelala na taa siku mbili."

"Wewe hata paka akipiga chafya unalala na taa."

"Jibu swali, bwana!"

"Mwanasesere ana urefu wa kiatu. Mpige teke, filamu iishe, watu wakale. Eti familia nzima inakimbia!"

Mgahawa mzima ukacheka. Nurettin akasema sina moyo. Nikamwambia moyo ninao, ila hautishwi na plastiki.

Ndivyo nilivyo. Kibaya nasema kibaya, hata kama aliyekileta yupo.

Nebahat nilimpata kwa mtindo huohuo. Alikuja kibandani kwangu na kiti cha mama yake kilichopasuka. Nikamwambia kitambaa alichochagua ni kibaya. Akaniambia hata masharubu yangu ni mabaya.

Nikajua huyu ndiye.

Miezi ikapita tunakunywa chai kando ya mto. Alikuwa na sharti moja tu, na alilisema siku ya kwanza.

"Habari za filamu zako za kutisha sitaki kuzisikia. Ukianza tu na maiti wako, mimi naondoka."

Nikadhani anaogopa. Wanawake wengine hawapendi damu, ni sawa. Nikanyamaza.

Ana miaka arobaini na saba, mjane. Lakini kwetu hata kichwa kikijaa mvi, mwanamke anaombwa kwa mzazi wake. Mzazi aliyebaki ni mama, Mama Saadet, bibi wa miaka sabini na sita.

"Mama akikataa, siolewi," Nebahat aliniambia. "Sitaishi na mtu ambaye mama yangu hataki kumwona mlangoni. Umenielewa, Cevdet?"

Nilimwelewa. Nilimwelewa hadi usingizi ukakata.

Basi Jumapili ile nikaenda na dada yangu Hacer, maana mtu hajiombei posa mwenyewe. Mimi nimebeba maua, yeye kabeba boksi la chokoleti. Kwenye ngazi akanishika tai, akanivuta kama mbuzi.

"Leo wewe ni bubu. Umesikia? Naongea mimi."

"Nikiulizwa je?"

"Ukiulizwa, sema alhamdulillah. Basi."

Tukavua viatu, tukapewa ndala za wageni, tukaketi. Mama Saadet alikuwa kwenye kile kiti nilichokitengeneza, mdogo, kajifunga kitambaa cheupe, tasbihi mkononi, macho kama ya askari wa mpakani. Sauti yake ilikuwa ya chini, inakwaruza kidogo.

Nebahat alitusalimia, akaingia jikoni kutengeneza kahawa. Mlango wa jikoni ukabaki wazi.

Kahawa ikishanyweka ndipo maneno ya posa yanasemwa. Kabla ya hapo mnaongea mambo ya hovyo tu. Tukaongea baridi. Tukaongea vitunguu. Tukaongea magoti ya Hacer, la kulia na la kushoto.

Halafu maneno yakaisha.

Hacer hawezi kuvumilia kimya. Akasema, "Huyu ndugu yangu, Mama, ni mtaalamu wa filamu. Watu wanakaa kumsikiliza!"

"Filamu gani?"

"Hizi za kutisha, Mungu atuepushe." Hacer akavuta ncha ya sikio, akagonga meza kufukuza balaa.

Mama Saadet akaacha tasbihi. "Ehe? Umeangalia nini karibuni, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema alhamdulillah.

"Nimeangalia ile ya muuaji kwenye treni, Mama. Hiyo nzuri. Hakuna kelele, hakuna damu ya bure. Mkata tiketi anatabasamu tu, na wewe unajua kabisa."

"Mm. Na ile ya kisima? Ile iliyopigwa huku kwetu vijijini?"

Nikaona bibi anazijua. Nikafurahi kama mtoto. Breki zikakatika.

"Ile? Mama, ile ni takataka! Yule bibi anayetoka kisimani wamempaka masizi hadi kafanana na sufuria ya harusi. Halafu ile kelele anayopiga! Jini gani analia vile? Yule ni mtu aliyekosa basi!"

Hacer aligonga meza mara tatu, maana majini hatuwataji kwa jina ndani ya nyumba, tunasema tu wale wa herufi tatu, kwa kuwa kwa Kituruki jina lao lina herufi tatu. Jikoni kijiko kikaanguka.

Mama Saadet akaweka tasbihi mapajani.

"Yule bibi ni mimi," akasema.

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Hakuwa anatania.

"Walikuja kijijini kwetu kiangazi cha mwaka jana, wanatafuta mwanamke mzee. Nikasema sawa, kabla sijafa nifanye kitu kipya. Nilikaa kwenye kisima kikavu tangu asubuhi hadi jioni, nimepakwa masizi hadi puani. Filamu ilipotoka, jirani wa ghorofa ya chini akaacha kupokea bakuli langu la ashura, ule uji mtamu tunaogawiana majirani. Anasema mkono wangu umeshikana na wale. Tangu hapo hatumtajii mtu filamu hii."

Hacer alikuwa anaangalia zulia kama amedondosha sindano.

"Haya," Mama Saadet akasema. "Sasa umejua ni mimi. Sema tena."

Wallahi, uongo ulikuwa umeshaiva mdomoni. Ningesema nimekosea, ningesema usingizi ulinishika, ningesema wewe Mama ni nyota. Hacer alikuwa amenikanyaga kidole gumba kwa nguvu zote za ukoo wetu. Na Nebahat alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na bila huyu bibi simpati.

Lakini yale macho ya mpakani yalikuwa yananipekua. Nikijaribu kupitisha kitu, nakamatwa.

"Masizi yalizidi, Mama," nikasema. "Na filamu bado ni mbovu."

Hacer akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

"Ila kuna mahali. Umekaa ukingoni mwa kisima unachambua dengu. Mvulana anapita. Unamwangalia mara moja, halafu unarudi kwenye dengu zako. Husemi kitu. Pale niliweka mbegu zangu chini, nikaenda kuwasha taa ya koridoni."

Mama Saadet akajisogeza mbele ya kiti.

"Uliwasha taa?"

"Niliwasha. Na ya chooni."

"Zile dengu ni wazo langu mimi!" Akapiga goti lake. "Mwongozaji alitaka nitoe macho, nitoe ulimi. Nikamwambia, mwanangu, anayetisha kweli hana haraka na wewe. Akacheka. Sasa umeona? Umeona?"

Nikapumua. Hacer akatoa kisigino kwenye kidole changu.

"Lakini ile kelele, Mama..."

"Ile kelele si yangu. Koo langu lilipasuliwa zamani, sauti ya juu haitoki. Walichukua ya mtu mwingine."

Ndugu msomaji, mtu mwenye akili angeishia hapo. Nilikuwa nimevuka mto, nguo kavu.

"Nilijua!" nikasema kwa sauti. "Nilijua haiwezi kuwa yako! Ile ni sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango! Aliyelia vile angekatazwa kufungua mdomo mbele za watu. Nikikutana naye nitampa maji anywe, nimwambie apumzike!"

Hacer mwenyewe akacheka. Nikacheka naye.

Mama Saadet hakucheka. Aligeuza shingo polepole, akaangalia jikoni.

"Ni Nebahat," akasema.

Hapo ndipo nilipotaka kupiga kelele.

"Alikuja kunishikia chupa ya maji," bibi akaendelea, bila haraka. "Wakamwambia, dada, hebu lia kidogo tujaribu. Akalia mara moja. Wakasema inatosha. Alipoisikia kwenye ukumbi wa sinema, watu wanacheka, akatoka nje. Mpaka leo hataki kusikia habari za filamu hizo."

Nikakumbuka miezi yote ile kando ya mto. Kumbe hakuwa anaogopa maiti wangu. Alikuwa anaona aibu.

Nebahat akatoka na sinia.

Hakuniangalia. Akampa mama yake, akampa Hacer, kisha akaniwekea kikombe changu mbele, taratibu, kama mtu anayeweka bomu.

Kwetu mchumba analetewa kahawa yenye chumvi badala ya sukari. Unatakiwa uinywe bila kukunja uso, waone una subira gani. Ni mchezo tu. Wengi wanatia kijiko, wanacheka, wanapiga picha.

Hii haikuwa kahawa yenye chumvi. Hii ilikuwa chumvi iliyowahi kusikia habari za kahawa.

Funda la kwanza, masikio yakaziba. La pili, nikamwona marehemu baba. Machozi yakaja, nikayaacha yashuke. Nikanywa hadi machicha, nikaweka kikombe chini.

Nebahat alikuwa bado amesimama, sinia kifuani.

"Ehe, mtaalamu. Maoni?"

Hacer alininong'oneza, "Sema nzuri. Sema nzuri, Cevdet, nakuomba."

Nikamwangalia Nebahat. Macho yalikuwa mekundu, na hakuwa amekunywa chumvi yeye.

"Mbaya," nikasema. "Mbaya kuliko ile filamu." Koo lilikuwa linawaka. "Lakini nimeistahili yote. Na nilichosema kuhusu sauti yako kimeniuma kuliko hii kahawa. Naomba nyingine."

"Nyingine?"

"Nyingine. Na nyingine tena, mpaka utakapoona inatosha."

Nebahat akachukua kikombe, akarudi jikoni. Tukasikia maji yanamiminwa, jiko linawashwa.

Hacer akakurupuka, akaona bora aseme maneno yake kabla sijafungua mdomo tena. Akakaa wima, akaomba posa kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume.

Mama Saadet akanywa kahawa yake hadi mwisho. Akafuta mdomo.

"Mimi huyu nimemkubali tangu kwenye dengu," akasema. "Lakini aliyetukanwa mara ya mwisho si mimi. Jibu liko jikoni, linachemka."

Tukasubiri.

Kikombe cha pili kikaja. Nikafumba macho, nikakaza tumbo, nikapiga funda.

Kilikuwa na sukari.

Vijiko viwili, kama ninavyokunywa.

Tulioana majira ya kuchipua. Ijumaa bado naenda kwa Nurettin, na filamu mbovu bado naiita mbovu. Sitawadanganya kwamba nimebadilika.

Ila nimejifunza kitu, nawapa bure. Kama una maoni, yatoe, tena usimung'unye. Lakini kabla hujafungua mdomo nyumbani kwa watu, hakikisha unajua nani yuko jikoni.