Uvimbe kando ya kitovu: sindano ilivyotaka kuniachia ujane Makutupora

Wakuu, habari za jioni. Haya yalitokea ndani ya nyumba yangu, sijaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, maduka ya dawa ya watu binafsi ndiyo yanaanza kufunguliwa Dodoma mjini. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya zabibu Makutupora. Ana kisukari, anajichoma insulini. (Friji hatukuwa nayo, dawa tuliitunza kando ya mtungi wa maji kwa kitambaa kibichi.)

Alikuwa anachoma sehemu moja tu, kushoto kwa kitovu. Alisema pale hapaumi tena.

Taratibu pakaota uvimbe. Laini, kama andazi chini ya ngozi.

Wakati huohuo sukari ikagoma kushuka. Akakonda, kiu haiishi. Daktari akapandisha dozi, akapandisha tena. Ule uvimbe hakumwonyesha, aliona aibu.

Majirani wakasema katupiwa kitu. Mimi niliwaza saratani, usingizi ukanipaa.

Asubuhi moja akaniambia, "Mama Neema, hapa napaogopa. Leo nachoma kulia."

Akachoma dozi ileile kubwa, tukanywa uji.

Sikumaliza kuosha vyombo. Nilimkuta ameloa jasho, anatetemeka, ananitazama kama mgeni. Akasema, "Shikamoo mama."

Mume wangu, ananiamkia mimi.

Nikakumbuka tulivyoelekezwa hospitali, kwamba jasho na kutetemeka ni sukari imeshuka mno, nikakoroga maji ya sukari, nikamnywesha kidogo kidogo. "Meza, baba. Meza." Kikombe kinagonga meno yake.

Akarudi polepole. Akauliza, "Unalia nini?"

Hospitali, daktari akaubonyeza uvimbe. Si saratani, akasema, ni mafuta yaliyovimba kwa kuchomwa palepale.

"Mafuta ya mwilini nayo yana mishipa yake ya damu. Hapa damu haipiti vizuri, dawa inakwama. Kule kulia inapita, dozi yote ikaingia."

Akapunguza dozi, akamfundisha kuhamisha sindano kila siku.

Yupo hai mpaka leo. Ila hofu haijaniisha, akisinzia mchana lazima nimguse.

Nilichojifunza: kama nyumbani kuna anayejichoma, leo mwambie apandishe shati, umpapase. Ukikuta uvimbe, msihame upande kienyeji. Muoneni daktari kwanza, dozi ipimwe upya.

Yupo mwingine humu aliyekutwa na mambo kama haya? Andika, nasoma.