Maji ya Kwanza ya Paa

Mtaani walimwita Mama Bluu, kwa sababu ya ile rangi aliyotia kwenye maji ya kusuuzia, shati jeupe likatoka linaumiza macho. Kufulia watu ndiko kulikomlea yeye na wanawe miaka ishirini. Maji ya bomba ya pale yalikuwa ya chumvi, hayatoi povu hata uyapigie magoti, kwa hiyo kazi yake yote ilitegemea mvua: bati la nyumba ya marehemu baba, mfereji mmoja kuzunguka paa, na tangi moja upande wake.

Nyumba ile aliigawana na mdogo wake, fundi rangi, ukuta katikati, kila mtu na mlango wake. Mama yao mzee alilala upande wa mwana. Waliishi vizuri mpaka ukame ulipoingia, na mdogo mtu akaanza kuhesabu mabati.

"Dada, nusu ya paa ni yangu. Mvua inayonyesha kwangu inaingiaje kwenye tangi lako?"

"Tangi nilinunua mimi. Mfereji nimeweka mimi. Wewe umeweka nini, zaidi ya mdomo?"

Maneno hayo yalimchoma. Walipelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, mtu aliyezoea kukata mambo katikati kama mkate, naye akaamua mfereji ukatwe, kila mmoja akinge maji yake. Fundi rangi akanunua tangi, akapiga na mstari mwekundu juu ya paa ili mpaka wao uonekane. Tangu hapo hawakusemeshana. Mama yao peke yake ndiye aliyepita milango yote miwili, asubuhi chai kwa binti, mchana chakula kwa mwana. Alisema tumbo lililowazaa halikuwa na ukuta.

Mvua ilirudi alfajiri moja, baada ya miezi saba. Mama Bluu alitoka mbio kama kila mwaka, akachomoa paipu kwenye tangi ili maji ya kwanza yamwagike chini. Yalishuka meusi, na mavi ya njiwa na mjusi mkavu ndani yake. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote wenzake wakiwa usingizini, na hakuwahi kumweleza mtu. Nani huelezwa kufagia? Akatazama upande wa pili. Paipu ya mdogo wake ilikuwa imechomekwa vilevile, inabugia uchafu wote.

Angegonga dirisha mara mbili tu. Alisimama pale amelowa chapachapa, akajisemea: si alitaka maji yake? Na ayanywe. Akarudi ndani, na ukweli usemwe, alifurahi.

Mama yao alikuwa na msimamo wake kwamba maji ya mvua hayachemshwi, yametoka juu safi. Alikunywa kikombe mchana, kikombe jioni. Siku ya tatu hakuja kunywa chai, na Mama Bluu akadhani ameshalishwa maneno huko, akanuna. Kumbe upande ule wote walikuwa wanaharisha. Wengine walipona. Mzee hakuwa na mwili wa kupigana. Siku ya sita alikata roho.

Fundi rangi alikuja na ndoo tupu, macho mekundu.

"Dada, wanataka maji ya kumwoshea mama. Ya kwangu yananuka, na tangi ni jipya. Sijui nimekosea wapi. Wewe ya kwako unayafanyaje?"

Mama Bluu aliiweka ndoo chini ya koki, akafungua. Jibu lilikuwa mdomoni, zito, na kwa muda wote ndoo ilipokuwa ikijaa alikuwa na nafasi ya kulitoa.

"Ni bahati tu, mdogo wangu."

"Asante, dada," akasema, akaibeba kwa mikono miwili isimwagike.

Tangu hapo, kila mvua ya kwanza ikianza, Mama Bluu hutoka alfajiri, akavuka upande wa pili, akachomoa paipu ya mdogo wake kabla ya yake. Hajamwambia mpaka leo.