Muuzaji Apande Kwanza

Jumatatu asubuhi mdogo wangu alitakiwa awe mjini Baraka, kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari. Alikuwa akisoma huko. Vita vilipofika shuleni kwao alikimbilia kwetu Rugenge, lakini jina lake lilibaki kwenye orodha ya huko. Barabara ya kusini ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki. Ilibaki ziwa, na boti moja ya mbao iliyokuwa inaondoka bandari ya Kalundu Jumamosi.

Shida ilikuwa esansi, mafuta ya injini. Vituo vilikuwa vitupu, hivyo watu walinunua kandokando ya barabara, kwenye bidoni, yale madumu ya njano, na kila mtu alijua kwamba wapo wanaoongeza petroli ya taa au maji. Injini ikizimika njiani, upepo ungetusukuma ufukweni, kwa wale wale tuliokuwa tunawakwepa.

Nilikuwa mwaka wa pili wa kemia, Bukavu, na niliamini mambo machache sana. Nilirarua karatasi ya daftari, nikadondoshea esansi ya muuzaji wa kwanza, kijana mwenye miwani ya jua. Ilikauka bila kuacha doa.

“Haina petroli ya taa,” nikamwambia dereva wa boti.

“Na maji?”

Maji nayo hukauka. Karatasi yangu isingeyaonyesha.

Dereva akamgeukia kijana. “Panda basi.”

“Nipande wapi?”

“Humu. Unatusindikiza mpaka Kigongo, hapo njiani, bure. Toka kule kuja huku barabara bado inapitika, utarudi.”

“Miye niko na kazi, papa. Nani atauzisha?”

“Tunachukua bidoni zako zote. Utabaki unauzisha nini?”

Kijana akavua miwani, akaifuta, akasema tumbo linamuuma. Wapakiaji wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia dereva kwamba huo si ushahidi: mtu anaweza kuogopa vita tu, na esansi yake ikawa safi.

“Inawezekana,” akasema. “Lakini weye umelipia kufika Baraka. Kujua hukulipia.”

Muuzaji wa pili alikuwa mama mmoja mwenye mwavuli. Alipoambiwa apande, alisema, “Ngoja nivue viatu.”

Nikamuuliza: kama aliyemuuzia yeye ndiye aliyeongeza maji, angejuaje?

“Bidoni ililala usiku mzima, hakuna aliyeigusa, maji yakashuka chini. Asubuhi nikamimina ya juu tu, nikachuja na kitambaa. Ya chini nawapa mafundi waoshee vyuma. Uko na swali lingine, profesa?”

Nilikuwa nalo, ila mdogo wangu alinivuta shati.

Dereva akachanganya esansi na oili, akavuta kamba mara mbili, injini ikashika. Yule mama alikaa juu ya gunia, akamshikia mdogo wangu daftari la jografia na kumuuliza maswali kwa sauti, kushinda kelele za injini. Mimi nilisikiliza injini tu, nikingoja ikohoe. Haikukohoa. Tulipofika Kigongo yule mama alishuka majini, kitenge amekikunja mpaka magotini, viatu mkononi.

“Ukifaulu,” akamwambia mdogo wangu, “ujue na esansi yangu imefaulu.”

Mpaka leo sijui bidoni za yule kijana zilikuwa na nini, na bado inanisumbua. Jumatatu mdogo wangu aliingia kwenye chumba cha mtihani, sketi yake ingali inanuka esansi, na msimamizi akamkalisha karibu na dirisha.