Mwaka Niliolala Chali

Kwa akina mama wenzangu wa kanisa, na kwa yeyote atakayesomewa maneno haya.

Kila mwaka unapokaribia kwisha, hapa kwetu mtu husimama akaeleza Mungu alivyompitisha. Safari hii Padre aliniambia, "Sesilia, zamu yako." Nikamjibu kwamba siwezi kusema mbele za watu. Akacheka. "Basi andika, atasoma mwingine." Nimeandika polepole, mstari leo, mstari kesho, kwa sababu nilisoma skuli ya msingi tu kisha nikaolewa, na kalamu yangu ni nzito.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa nyumbani. Mume wangu, Petro, ni seremala. Tunakaa chumba cha juu katika nyumba ya mawe Mji Mkongwe, nyumba ambayo baada ya Mapinduzi ilikaliwa na familia nyingi. Chini yetu anakaa Bi Zuwena, mjane wa Kiislamu mwenye maneno mengi. Mimi sikuwa na maneno. Tukikutana ngazini nilisema "Shikamoo" nikapita mbio. Yeye aliitika "Marahaba, mwanangu," kisha akapaza sauti nyuma yangu, "Usikimbie, miye sili watu!"

Furaha yangu ilikuwa mtoto wetu Tabita, na kazi ndogondogo za chumba chetu. Nilishona pazia kwa vipande vya kanga kuukuu. Nilipaka chokaa ukutani. Nilipanda mrehani kwenye kopo nikaliweka dirishani. Sikutaka zaidi ya hayo.

Maumivu yalianza katikati ya mgongo wakati Tabita anaanza kutambaa. Nilikuwa nikipandisha ndoo za maji kutoka mferejini, nikadhani ni uzito wa ndoo. Baadaye ikawa kila jioni napata homa ndogo, na usiku natoka jasho mpaka kanga inaloa. Nikakonda. Pete ikawa inazunguka kidoleni.

Mama mkwe wangu, anayekaa Mpendae, alikuja kunitazama. Akasema, "Huu mgongo wa uzazi. Hukukandwa vizuri ulipojifungua." Akamleta mkandaji. Nililazwa kifudifudi, nikapakwa mafuta ya nazi, na yule mkandaji akanipanda mgongoni akanikanyaga kwa visigino. Nililia ndani ya mto bila sauti. Wakaniuliza, "Unaumia?" Nikasema, "Kidogo." Niliona haya kulia mbele ya mkwe. Mkandaji alirudi mara kadhaa, na kila mara nikasema kidogo. Sote tulitaka heri, na sote tulikuwa tunakanyaga mfupa ulioanza kuoza.

Halafu miguu. Ilikuwa mizito kama imefungwa magunia. Kandambili zilinitoka nisijue, nikatembea mguu peku mpaka mtu aniambie. Siku moja nilikuwa nateremka ngazi na Tabita mikononi, magoti yakalegea ghafla. Nilimkumbatia, nikaporomoka kwa mgongo mpaka mlangoni kwa Bi Zuwena. Mtoto hakupata hata mchubuko. Mimi sikuweza kunyanyuka. Nilihisi kanga imeloa, nikadhani ni maji aliyomwaga mtu. Ulikuwa mkojo wangu mwenyewe, na sikujua ulivyotoka.

Hospitalini walinipiga picha ya mgongo. Daktari alikuwa mgeni, aliyejifunza Kiswahili chetu kwa neno mojamoja. Aliinua picha kwenye mwanga, akatuonyesha mahali ambapo mifupa miwili imelika.

"Hii kifua kikuu," alisema. "Lakini si kifuani. Mgongo."

Petro akauliza, "Atatembea?"

Daktari akaiweka picha mezani. "Sindano. Vidonge. Kulala, kulala sana. Miguu, tutangoja."

Wakanifunga plasta kutoka makwapani mpaka nyongani. Ilikuwa ya moto ilipokuwa mbichi, kisha ikapoa ikawa jiwe. Sikuweza kuinama, kukaa wala kugeuka. Nilidungwa sindano mpaka mapaja yakawa na vinundu. Vidonge vilinitapisha, na kutapika ukiwa chali ndani ya plasta ni kama kuzama. Baadaye wakasema matibabu yataendelea nyumbani, kwani vitanda vilikuwa vichache. Petro aling'oa mlango wa chumba chetu, yeye na wenzake wakanilaza juu yake, wakanipandisha ngazi nyembamba zile huku Bi Zuwena akiwaelekeza kutoka nyuma kama nahodha.

Kitandani Petro aliondoa kamba akapiga mbao. Katikati ya mbao akakata tundu, na chini yake akaweka beseni kwa ajili ya haja. Alilikata bila kunitazama usoni, nami nilitazama boriti. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Jumapili ya kwanza Mama mkwe akasema, "Tabita nitakaa naye mimi."

Petro akamwambia, "Mama, daktari kasema ugonjwa wa mfupa hauambukizi kwa pumzi."

"Sisemi habari ya pumzi. Nasema nani atamwogesha? Nani atamkimbilia akienda ngazini? Huyu?" Akaninyooshea kidole, si kwa ubaya. "Akisimama, atamchukua mwanawe. Asiposimama, mtoto keshapata kwao."

Alikuwa amesema kweli. Aliteremka naye. Nilisikia kilio cha Tabita ngazini, kisha uchochoroni, kisha sikukisikia tena. Tangu siku ile nilikuwa na ombi moja tu. Sikuomba kupona. Niliomba kusimama kabla mwanangu hajanisahau.

Wapendwa, kulala si kupumzika. Dari yetu ni ya boriti, na kila boriti niliijua sura yake: yenye ufa, yenye msumari, yenye doa la moshi. Ndani ya plasta ngozi iliwasha usiku na mchana. Kunguni waliingia wakakaa humo, nami sikuweza kuwafikia. Nilikuwa na chelewa niliyochomoa kwenye ufagio, nikiipenyeza kwa juu na kujikuna mpaka damu. Nilinuka. Nilijua nanuka, kwa sababu wageni walikaa karibu na dirisha. Petro akienda kazini aliegesha mlango, na kutwa nzima ilikuwa yangu na nzi.

Alinitengenezea kitu kimoja. Alichukua kioo chake cha kunyolea, akakitia fremu, akakipigilia dirishani kimeinama kidogo, ili nikilala chali nione uchochoro ulivyo chini. Niliona vichwa vya watu na paka wa Bi Zuwena. Na siku za Jumapili, baada ya ibada, niliona Mama mkwe akija na mwanangu mkononi. Nilimwona kwenye kioo kabla hajapanda. Ilikuwa nafasi yangu ya kupangusa machozi.

Lakini Tabita hakunisogelea. Alisimama mlangoni akashika kanga ya bibi yake. "Nenda kwa mama," aliambiwa. Akaitazama ile plasta, akalia. Na alipolia alimwita bibi yake, "Mama!" akajificha kwake.

Masika yakaingia. Alasiri moja mvua kubwa ilishuka, na mimi niko peke yangu. Dari ikaanza kuvuja. Tone likaanguka juu ya plasta, kifuani, likafuatwa na jingine, kisha ukawa mchirizi. Nilikuwa nimeonywa kwamba plasta isilowe, italainika, na mgongo ukicheza miguu imekwenda. Niliweka viganja kukinga maji, yakapita kati ya vidole. Chini niliwasikia watu wakiongea. Ilikuwa nipige kelele tu. Na sikuweza. Mnaonijua mtaamini: katika maisha yangu sikuwahi kupaza sauti nikaita mtu mzima. Nililala pale naloa, nikiona haya.

Nikageuza macho kwenye kioo. Uchochoro ulikuwa mtupu, maji tu yanakimbia. Nikafikiri, hapa ndipo Tabita atakapokuwa akija Jumapili, miaka na miaka, kumtazama mtu aliyelala.

"Bi Zuwena!" nikaita. Sauti ilitoka kama ya mtoto. Nikaita tena, na mara ya tatu nilipiga ukelele mpaka plasta ikanibana mbavu. "Bi Zuwenaaa! Njoo! Nakufa!"

Alikuja mbio, anapanda huku anahema. Akasukuma kitanda na mimi juu yake mpaka ukutani, akanifunika kwa kanga yake mwenyewe, akaikausha plasta kwa kuipangusa na kuipepea. Alipomaliza akaketi sakafuni, maji yanamchuruzika.

"Kumbe una sauti!" akasema. "Mwaka mzima nnadhani Petro kaoa bubu."

Nikacheka. Kucheka kuliniuma, lakini nilicheka.

"Na hivyo ulivyolala, mwanangu, kama samaki ng'onda kaanikwa juani! Nshakula ng'onda wengi, lakini aliyeniita jina bado."

Tangu siku ile alipanda kila mchana na sahani ya chakula, hata Ramadhani, yeye akiwa amefunga. Nanyi mnajua ada yetu hapa: sahani ya jirani hairudi tupu. Mimi sikuwa na cha kurudisha. Wakati ule unga na sukari vilikuwa vya foleni, na Petro hakuwa na muda wa kupika. Nikaona afadhali nizizuie sahani kuliko kuzirudisha tupu, nikamwambia Petro azifiche uvunguni. Mpaka siku Bi Zuwena akapanda mikono mitupu.

"Leo nimekuletea njaa," akasema. "Nyumba yangu haina sahani hata moja. Zi wapi?"

Nikalazimika kumwambia. Aliinama uvunguni akaziona zimepangwa karibu na beseni langu. Alicheka mpaka akaomba maji. Kisha akanishika mkono akautazama.

"Huu haukufungwa plasta," akasema.

Kesho yake akaja na mzigo wa ukindu uliochanwa, mwingine mweupe, mwingine wa rangi ya zambarau. Akanifundisha kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ukawa mkeka. Mwanzo nilisuka ovyo. Ukindu ulinikata vidole, mikono ilitetemeka kwa kuinuliwa juu. Lakini kidogo kidogo ukili ukanyooka, ukashuka kifuani, ukafika sakafuni, ukaenda mpaka mlangoni.

Jumapili Mama mkwe alipoingia na Tabita, mtoto hakunitazama mimi. Alitazama ule ukili sakafuni. Akachuchumaa, akashika ncha yake.

Nikasema, "Vuta."

Akavuta. Nami nikavuta kidogo upande wangu. Akashtuka, kisha akacheka.

Ndivyo tulivyoanza. Kila Jumapili alishika ncha, nami nikasema, "Vuta." Alivuta huku anasogea, mpaka siku moja mkono wake ukafika kwenye mkono wangu. Siku nyingine akapanda kitandani akaketi juu ya plasta, akaigonga kama ngoma. Mama mkwe alitaka kumzuia. Nikasema, "Mwache, Mama." Nilisema kwa sauti, akamwacha. Tabita akaanza kuniita Mama. Bibi yake sasa akawa anamwita Bibi. Lakini jioni waliteremka wote wawili, nami nikabaki na boriti zangu.

Miezi ikapita. Wakanibadilisha plasta, na ya zamani ilipokatwa ngozi ilitoka nayo kama maganda. Siku moja nilihisi sisimizi kwenye kidole gumba cha mguu. Nikamwita Petro aje amwondoe. Akatazama. "Hapana sisimizi," akasema. Tukatazamana. Kidole kilikuwa kinarudi.

Kipupwe kilipokwisha, daktari akaniambia nikae. Nikazimia. Kesho yake nikakaa tena. Petro akanichongea magongo mawili, akapiga na mti ukutani, nikashikilia na kwenda hatua mbili, nikarudi. Miguu ilikuwa myembamba kama chelewa na ilitetemeka. Bi Zuwena alikaa mlangoni akinihesabia kwa makelele. Nilianguka mara nyingi. Nilimwambia Petro asimweleze mama yake. Nilitaka Tabita aje Krismasi anikute nimesimama.

Siku ya Krismasi nilimwona kwenye kioo, amevaa gauni jeupe. Nikajikongoja mpaka katikati ya chumba, nikasimama kwenye magongo, nguo yangu mpya imefunika plasta ndogo. Mama mkwe akafungua mlango, akapeleka mkono mdomoni, akalia.

Tabita akanitazama kutoka chini mpaka juu. Hakunijua. Alikuwa hajapata kuniona nimesimama tangu apate akili. Akanipita pembeni, akaenda kitandani, akapapasa shuka. Akainama akatazama uvunguni. Kisha akageuka.

"Mama yupo wapi?"

Mwaka mzima nimeomba kusimama, na nilipokuwa nimesimama ndipo nikampotea.

Nikamwambia Petro, "Nilaze."

"Sesi, umechoka?"

"Nilaze chini, kwenye mkeka."

Ule mkeka ulikuwa ukili wangu, Bi Zuwena aliushona. Petro akanilaza chali. Kipande cha ukili kilichobaki kilikuwa kando yangu. Nikaweka ncha moja mkononi, nyingine nikairusha kwenye miguu ya mwanangu.

"Vuta," nikasema.

Akaijua sauti. Akaja mbio, akashika, akavuta kwa nguvu zake zote, mpaka akakaa kitako. Petro akanishika kwapani kwa nyuma. Tabita alivuta, nami nikainuka: nikakaa, nikapiga magoti, nikasimama. Alinifuata kwa macho mpaka juu. "Mama," akasema, kama aliyeona kitu alichokuwa akikijua siku zote. Jioni ile Mama mkwe aliteremka ngazi peke yake.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule, na Petro, na Mama mkwe aliyenilelea mwanangu akamrudisha kwa moyo mweupe. Namshukuru Bi Zuwena, na sahani zake zote amezipata, kila moja chini ya kawa nililolisuka mwenyewe. Nawaomba, mgongo ukiuma na homa inakuja jioni, msikandwe, nendeni hospitali. Na mkiulizwa kama mnaumia, msiseme kidogo. Semeni kiasi kilivyo, kwa sauti, hata kama aliyepo ni mkwe.

Mwaka mwingine umepita, na bado nachechemea. Watu wakiniuliza ni nani aliyenisimamisha, nataja majina haya yote. Tabita huningoja nimalize, kisha husema, "Na mimi ndiye nilivuta." Nami sijamkatalia.