Mgeni Niliyemfungulia Daftari

Nakumbuka Jumatatu moja, wakati wa ile hali ya hatari ya serikali ya mkoloni, nimeketi miguu mitupu juu ya gunia pale Bondeni, nikimngoja Mzee Okumu, fundi wa viatu, anitilie soli. Nilikuwa mchungaji mchanga, mwanangu, na kanisa letu la mabati lilijaa kila Jumapili. Nilijiona nimefika.

"Mzee, Jumapili nakungoja kanisani," nikamwambia.

Hakuinua macho. Akatoa misumari mdomoni kwanza. "Pasta, jirani yangu Wanjiru alikuja kwako jana. Alirudi akilia."

Nikamkumbuka mara moja: mama mwenye mtoto mgongoni, aliyefika tukiimba wimbo wa kwanza. Nilisimama mlangoni na daftari la wageni, nikamwuliza kwa tabasamu: jina lako nani, unatoka wapi, nani anakujua hapa? Akapapasa nguo kama anayetafuta kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, akasema amesahau kitu nyumbani, akaenda. Nami nikarudi kuimba.

"Mume wake alichukuliwa na askari juzi juzi," mzee akasema. "Walimwuliza maneno hayo hayo, mlangoni vile vile, mmoja akiandika. Huyu mama alitaka kuombewa tu. Wewe ukamfungulia daftari."

Ningependa kukuambia niliuliza kwa ukarimu. Si kweli yote. Siku hizo mgeni mmoja angeweza kukuletea askari kumi, nami nilitaka kujua ni nani anakalia viti vyangu. Umesikia? Viti vyangu, nasema.

Nikavaa viatu, kimoja soli yake inaning'inia, nikaenda mbio hadi chumbani kwa Wanjiru. Mlango ulikuwa wazi, jiko lingali na joto. Mama wa chumba cha pili akaniambia wamepakiwa kwenye lori asubuhi hiyo, yeye na mtoto, wanarudishwa rizavu, kule mkoloni alikowatengea watu wa kabila lao. Labda bado wako stesheni.

Kweli, walikuwa stesheni. Watu wengi wamekalishwa chini, nyuma ya waya. Nikamwona Wanjiru amempakata mtoto, naye akaniona. Nikasogea. Askari akanisimamisha.

"Unataka nani? Kuna mtu wako hapa?"

Mwanangu, ningeweza kusema, "Ndiyo, yule ni wa kanisa langu." Labda angenipiga. Labda angeniacha nipite nimwombee. Lakini ulimi hauna mfupa, na siku hiyo wangu ulipinda.

"Hapana," nikasema. "Napita tu."

Wanjiru alisikia. Aligeuza uso, akamfunika mtoto kwa leso.

Baadaye nilimwandikia mchungaji wa kule rizavu kumwulizia, na ruhusa ya kusafiri ilipopatikana nikaenda mwenyewe, mara mbili. Sikumpata. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyu wangu amezeeka pamoja nami: hata leo watu wakiingia ibadani situlii kitini, nasimama, nakaa, nachungulia nje, mpaka mke wangu anivute koti.

Basi nisikie, wewe uliyepewa kazi ya kupokea watu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; hawakusema mgeni njoo, ujieleze. Mtu akifika, mpe kiti. Kama ana mtoto, msaidie kumteremsha. Jina lake atakupa mwenyewe siku atakayokuamini, na asipokupa, Mungu analijua. Na akija yule anayeogopwa na wengine, usingoje kuulizwa ni wa nani, maana ukingoja, woga utakujibia. Sema mapema, mbele ya watu wote: "Huyu ni wetu."

Mungu akupe moyo mpana kuliko mlango unaousimamia, na siku utakayokuwa mgeni mahali usipojulikana, asikose mtu wa kukuita wake.